Eda, Korosho na Mikia ya Maneno

Jumamosi, 28 Septemba

Mwalimu Fabian wa darasa la Jumamosi, pale Kibaha Kwa Mathias, alituambia anayetaka kufaulu Kiingereza aandike kila siku, hata mstari mmoja. Hakusema kwa lugha gani na mimi sikumuuliza, maana jibu nilikuwa nalijua. Nitaandika kwa Kiswahili. Kiingereza changu bado hakijajua kulia.

Nimo ndani. Mume wangu Seifu kichwa kilimuuma Alhamisi, Jumatatu ya wiki iliyopita tukamzika. Mama yake, Bi Biubwa, akaniingiza chumba cha uani, akanivika nguo nyeupe, akakiondoa kioo ukutani. Sina ruhusa ya wanja, ya manukato, wala ya kukaa barazani mpaka eda iishe, miezi minne na siku kumi. Dirisha langu linatazama mikorosho. Hapa kijijini Masaki kila dirisha linatazama mikorosho, kwa hiyo sijanyimwa kitu.

Jumapili, 29 Septemba

Nimelala. Nimeamka. Nimelala.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mabibo yameanza kuanguka. Harufu yake inaingia chumbani tamu na kali kidogo, na mtu akiivuta sana kichwa kinakuwa chepesi. Nimekaa nayo mchana kutwa na nimemkumbuka Seifu bila kumwita.

Msimu uliopita tuliokota pamoja. Yeye ananyofoa korosho kwenye bibo, mimi nanyofoa, na kila korosho ina neno lake. Seifu aliishia darasa la saba na Kiingereza hakukijua, ila alikuwa na sauti ya kuadhini. Nilimpa mzizi wa neno, yeye anaupiga kelele, mimi naubandika kichwa na mkia. Alikuwa anaita, "Kea," na mimi najibu: careful, careless, carefully, carelessness, uncaring. Nikikosea ananirushia bibo. Nilikwenda shambani na gauni safi nikarudi na madoa, na madoa ya bibo hayatoki, kila mtu anajua. Bi Biubwa alikuwa akiyaona anatikisa kichwa.

Huo ndio ufundi wa Mwalimu Fabian. Anasema usikariri maneno, kariri koo zake. Ukimjua less, basi hopeless, homeless na useless wote ni ndugu zake na hawawezi kukudanganya. Wote wamepungukiwa na kitu, na kitu chenyewe wamekibeba mbele, kila mtu anakiona.

Ijumaa, 4 Oktoba

Childless naye wa ukoo huo. Sitaki kuandika zaidi.

Jumatano, 9 Oktoba

Niandike sasa jambo linaloninyima usingizi, ili lisinitafune kichwani peke yake.

Kidato cha nne nilifaulu masomo yote ila Kiingereza. Mwaka huu nimejisajili kulirudia somo hilo moja, na karatasi yenyewe ni tarehe kumi na nne Novemba, kule Kibaha. Kaka yangu Abdulwahab anayeishi Mlandizi ameniambia kwenye maghala ya Kwala wanachukua makarani, cheti cha kidato cha nne, Kiingereza lazima. Nikifaulu nina pa kushika. Nikiukosa mtihani, eda itakwisha Januari, na mimi sina mtoto wa kunifanya niwe wa nyumba hii, wala cha kunifanya niwe wa nyumba nyingine. Nitarudi Mlandizi kukaa uani kwa wifi yangu. Wifi hana ubaya. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi nitakuwa mgeni wa maisha.

Leo nimejikaza nikamwomba Bi Biubwa ruhusa ya siku hiyo moja. Alikuwa ananiletea uji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikasema haja yangu. Aliweka bakuli chini taratibu.

"Mtihani upo kila mwaka, Raudha," akasema. "Mume anakufa mara moja."

Akatoka. Uji ulikuwa hauna sukari, au mimi ndiye sikuisikia.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua ya vuli imenyesha usiku. Asubuhi kuku wote wamejazana chini ya dirisha langu.

Jumanne, 15 Oktoba

Ndoto. Vipande vya maneno vilikuja kunipa pole, kila kimoja kimevaa kama mtu. Un alikuwa shangazi mwenye mikono isiyotulia, kila fundo analolikuta analifungua, akanifungua ushungi na nywele na bado anatafuta. Hood alikaa pembeni kimya. Re ndiye aliyechelewa, na alikuja na mizigo, maana yeye kazi yake ni kurudi: return, repeat, repair, remember. Nikamkimbilia. Nikamuuliza kama anaweza kumrudisha mtu. Akanitazama kwa huruma, akasema yeye anarudisha vitendo tu, watu hajawahi kuwaweza.

Nimeamka mchana, jua limeshapita dirishani. Nilikuwa nalia na nilikuwa nimepumzika, vyote pamoja.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mjomba wa Seifu, Mzee Mwinjuma, ndiye mkubwa wa ukoo na ndiye mwenye neno la mwisho. Amemuuliza shehe habari yangu. Nimesikia kupitia pazia wakizungumza na Bi Biubwa barazani.

"Shehe kasema mwenye eda akiwa na haja anatoka mchana," alisema Mzee Mwinjuma. "Mradi alale nyumbani."

"Na wewe umesemaje?"

"Mimi nimesema shehe hakai Masaki. Sisi ndio tunaokaa. Watu watasema mjane wa Seifu hata udongo haujakauka, kashapanda bodaboda kwenda mjini."

Bi Biubwa hakumjibu. Nilingoja amjibu. Nilimchukia kwa kule kunyamaza kwake, na nimeliandika neno lenyewe kama lilivyo. Naona ameolewa na midomo ya watu kuliko alivyopata kuolewa na mwanamume.

Jumatatu, 21 Oktoba

Narudia masomo yangu kwa sauti ya chini. Port ni kubeba. Import, kubeba kuingiza ndani. Export, kubeba kutoa nje. Transport, kubeba kuvusha. Report, kubeba kurudisha, ndiyo maana ripoti ni habari iliyorudishwa. Support, kubeba kutokea chini.

Nikalikumbuka jeneza linavyokwenda, mabega ya wanaume yako chini yake, wanapokezana na hakuna anayeliacha lianguke. Nikakaa na neno hilo mpaka adhuhuri. Darasani lilikuwa neno la kawaida kabisa.

Jumanne, 22 Oktoba

Hood nimempenda. Mother ni mama, motherhood ni umama. Child, childhood, utoto. Widow, widowhood, ujane. Wao wanaweka mkiani kile sisi tunachokiweka kichwani. Sisi mtu akisema "u" tu, tunajua kuna hali inakuja. Wao wanakuonyesha mtu kwanza, halafu ndipo wanakuonyesha hali iliyomkuta. Sijui nani amefanya vizuri. Mimi nilipata ujane kabla sijajua kuwa mimi ni mjane, kwa hiyo labda sisi.

Bi Biubwa ameingia kuchukua vyombo, akanikuta nasema peke yangu. Akasimama mlangoni muda. Nikadhani atanikataza. Akaondoka.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mvua. Korosho zinaoza chini kwa kukosa mikono. Mikono yangu ipo hapa, mikavu.

Jumatano, 30 Oktoba

Leo ndiyo imesomwa arobaini ya Seifu, iliyocheleweshwa siku chache na mvua, na nitaandika yote.

Watu walijaa tangu asubuhi. Hitma ikasomwa, pilau ikaiva, nami nikakaa chumbani kwangu na wanawake wakiingia kunishika mkono na kutoka. Kila aliyeingia alisema subira. Nilikuwa na subira ya kutosha kijiji kizima.

Baada ya kula, nikasikia kelele uani. Alikuwa Sikudhani. Sikudhani anakaa nyumba ya pili, shamba lake limepakana na letu, na ukoo wake na ukoo wa Bi Biubwa ni watani tangu enzi za mababu. Siku ya maziko alilala ndani ya kaburi, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo, na hakuna aliyemkasirikia, maana mtani hakasirikiwi. Kazi yake ni kuwachekesha wafiwa wasije wakafa nao. Na anachokidai mtani msibani hupewa. Ukimnyima, ni ukoo wako ulioaibika.

Basi Sikudhani alikuwa amevaa koti la Seifu. Lile la kaki, lenye mfuko uliochanika. Na mabuti yake ya mvua, na kofia ya baraghashia ameisukuma nyuma ya kichwa, vilevile alivyokuwa anaivaa marehemu. Nilimwona kwenye upenyo wa pazia. Alikuwa anatembea mwendo wa Seifu, bega moja limeshuka. Watu walianza kucheka na wengine wakaanza kulia, na wengi walifanya yote mawili.

Akaokota kitu chini, akajifanya ananyofoa. Akageukia dirisha langu, akapaza sauti:

"Kea!"

Watu wa uani wakatazamana. Hawakujua ni kitu gani. Mimi nilijua. Alikuwa anatusikia msimu mzima, yuko shambani kwake upande wa pili wa miti, na sisi tunadhani tuko peke yetu.

"Kea, nimesema. Mke wangu umekuwa kiziwi?"

Nikafungua mdomo, sauti ikatoka ambayo sikuipanga. "Careful."

"Ongeza mkia."

"Carefully."

"Mwingine."

"Careless. Carelessness."

"Kichwa je? Wewe neno lako halina kichwa?"

"Uncaring," nikasema, na nilikuwa ninalia vibaya sana. Sikudhani akanirushia bibo kupitia dirishani. Likanipata begani, kwenye nguo nyeupe ya eda. Wanawake waliokuwa na mimi wakapiga ukelele, kisha wakashindwa kujizuia kucheka.

Bi Biubwa alisimama katikati ya uwanja. "Sikudhani," akasema, "unamwigiza nani?"

"Namwigiza mwanao, mtani."

"Mwanangu hakujua Kizungu."

"Hakukijua. Alikuwa anamwitia mkewe." Sikudhani alivua kofia, na hapo alizungumza kwa sauti yake mwenyewe. "Msimu mzima, mtani. Mimi nikiwa navunja kuni nasikia kea, nasikia hope, nasikia vicheko. Akikosa anatwangwa na bibo. Kijana wako alikuwa anaupenda mtihani huu kuliko mwenyewe anayeufanya."

Nilimtazama Bi Biubwa. Miaka yote aliamini vitabu vilimnyang'anya mwanawe mke kila Jumamosi, na madoa kwenye magauni yangu aliyachukulia kuwa ni uzembe. Sikuwahi kumweleza. Mambo ya mke na mume wakiwa shambani hayasimuliwi kwa mkwe, nilifundishwa hivyo unyagoni na nikashika. Alikaa chini pale pale, kwenye ardhi, na nguo yake ya arobaini.

Sikudhani akavaa tena kofia, akamgeukia Mzee Mwinjuma. "Sasa nataka ada yangu."

Mzee Mwinjuma akaagiza aletewe kuku.

"Sitaki kuku. Nina wa kwangu, wananisumbua."

"Kitenge?"

"Sitaki."

"Unataka nini, mtani?"

"Nataka siku moja ya eda ya huyu mjane. Nachagua tarehe kumi na nne mwezi ujao. Iwe yangu. Nikishaipata nitampa ninayemtaka."

Watu waliguna. Mzee Mwinjuma alitazama baraza zima, na baraza zima lilimtazama yeye. Akimnyima mtani mbele ya watu, masimulizi yake yatavuka mpaka Maneromango. Akimpa, basi aliyetoa ni mtani, na mtani haulizwi. Nadhani aliiona njia hiyo pale pale, maana uso wake ulilegea.

"Ukoo usiseme tumekunyima," akasema. "Chukua."

Alhamisi, 31 Oktoba

Nimefua nguo. Doa la bibo halikutoka.

Jumatano, 6 Novemba

Bi Biubwa haniongeleshi sana. Lakini jioni amekuja na kigoda, akakaa karibu na mlango. "Endelea," akasema. Nikaendelea. Nikamsomea dis na mis na un, na jinsi zinavyokataa, kila moja kwa namna yake. Alisikiliza macho ameyafumba. Nilipofika kwa less nikamwambia wote wamepungukiwa. Kisha nikakuta fearless kwenye orodha, na nikasimama. Naye amepungukiwa, lakini alichopungukiwa ni hofu. Nikamweleza.

"Kumbe kuna upungufu wa heri," akasema Bi Biubwa.

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua, mvua, mvua. Njia ya kutokea Masaki imekuwa uji. Naogopa.

Alhamisi, 14 Novemba

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Nilidhani nitaenda na Sikudhani, yeye ndiye mwenye siku. Nilipofungua mlango nikamkuta Bi Biubwa amejifunga kanga kiunoni, ana mwavuli.

"Mwenye eda hatembei peke yake," akasema.

Rajabu wa bodaboda alitupakia wote wawili. Hewa ilikuwa ya kijivu, miti inatokea kwenye ukungu mmoja mmoja na kupotea, na mimi nilikuwa nimeanza kusahau kwamba dunia ni pana kiasi kile. Kila nilichokiona nilitaka kukipa kichwa na mkia. Kwenye bonde, pikipiki ikazama. Rajabu akavuta mafuta, gurudumu likazunguka bure, matope yakaturukia. Nilianza kulia, nikasema basi mama, turudi, riziki haikuwepo.

Bi Biubwa alivua ndala, akaniwekea mwavuli mkononi. Akaingia kwenye tope mpaka magotini, akaweka bega chini ya kiti cha pikipiki, yeye mwanamke wa miaka sitini na ushei, akasukuma. Nikataka kushuka nimsaidie.

"Kaa hapo hapo," akasema. "Utachafua nguo na wewe unakwenda mbele za watu."

Kwa Mathias tulipakuta palivyo siku zote, mabasi na wauza mahindi na kelele. Kwenye chumba cha mtihani watu waligeuka kuitazama nguo yangu nyeupe. Msimamizi, dada mmoja mpole, alinipeleka pembeni kulinganisha sura yangu na picha, akaniambia pole. Nikakaa. Sehemu ya kuunda maneno ilikuwa mwanzoni kabisa, na ilinijia kama watu wa nyumbani wanaopita mlangoni, mmoja baada ya mwingine, wakinisalimia. Kwenye insha nilihangaika. Sikujali sana. Nilikuwa nimekaa ndani ya siku iliyoombwa kwa ajili yangu na nilikuwa nimetulia.

Nilipotoka, Bi Biubwa alikuwa amekaa kwenye jiwe nje ya geti, miguu imekauka matope. Mlinzi alinisimulia kwamba alimwambia aende akangoje dukani, akakataa. Alimjibu anamsubiri mwanawe.

Tuliingia nyumbani magharibi haijafika.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimelala kutwa. Nimeota napanda miti.

Jumapili, 8 Desemba

Korosho zimekwisha. Sikudhani alituokotea za chini zilizobaki, na kila asubuhi anapita dirishani kunidai shukrani kwa matusi.

Jumanne, 31 Desemba

Hakuna kitu. Jua kali, mchana mrefu. Bi Biubwa na mimi tumebangua korosho kimya mpaka alasiri, na kimya chenyewe kilikuwa kizuri.

Ijumaa, 24 Januari

Eda imeisha. Bi Biubwa mwenyewe ameniogesha, akanifukiza udi, akanirudishia kioo. Nimejiangalia. Nimezeeka kidogo na sikuchukia.

Jumapili, 26 Januari

Mwalimu Fabian amepiga simu. Nimepata C. Saa hiyo hiyo nimempigia kaka Abdulwahab, naye amesema niende, Kwala bado wanapokea watu wiki hii.

Nilimkuta Bi Biubwa chumbani kwangu. Alishasikia. Alikuwa ameshalitandaza begi langu kitandani na anakunja kanga zangu moja moja. Miezi hii yote niliomba kupata pa kwenda, na sasa nimepata, nimesimama mlangoni miguu haitaki.

"Mama," nikasema, "nitangoja kidogo. Utabaki na nani?"

Aliendelea kukunja.

"Mimi niliwekwa eda kwenye chumba hiki hiki," akasema. "Seifu ananyonya. Ndiyo wakati huo kisomo cha watu wazima kilipoletwa hapa Masaki. Wenzangu wakasomea hapo nje, chini ya dirisha hilo. A, e, i, o, u, nawasikia kila jioni. Mpaka nikawa naitikia na mimi humu ndani, polepole, mama mkwe asinisikie. Nilipotoka, mwalimu alishahamishwa. Hakuja mwingine."

Akalalia begi kwa kiwiko ili zipu ifunge.

"Mimi hakuna mtani aliyeniombea siku. Basi wewe nenda, Raudha, na ukifika huko usiandike barua ndefu, kwa kuwa atakayenisomea ni Sikudhani, na yule ataongeza yake."

Nimelia bila haya, nimemshika miguu. Kesho asubuhi Rajabu anakuja kunichukua.